Wenyeji wangu wa jangwa la Chalbi wameanza kuniomba pesa. Je, ukarimu wao ulikuwa chambo?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 28, naweka hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi. Nimekulia ufuoni, na tangu utotoni nilitamani kuona mahali pasipo na maji hata ya dawa. Agosti nikachukua likizo, nikapanda basi la usiku Nairobi mpaka Marsabit, peke yangu. Nyumbani walijua niko Nairobi kwa shoga yangu.

Marsabit nilipata lori la bidhaa linaloshuka Kalacha. Chini unga, sukari na mabati, juu ya magunia sisi abiria. Tulipokwisha kuipita Maikona, jua la utosi, springi ya nyuma ikakatika. Dereva akasema fundi atatoka Marsabit kesho, labda kesho kutwa. Mjomba, pale ni tambarare nyeupe ya chumvi, huoni mti, na kwa mbali yanametameta maji ambayo si maji. Chupa yangu ilikuwa nusu. Nikaanza kulia, najificha kwenye leso.

Abiria mwenzangu, mama wa makamo wa Kigabra, wale wafugaji wa ngamia wa huko, akaniuliza kwa Kiswahili cha kubahatisha kama nina mtu niendako. Nikasema sina. Akanishika mkono tu, kama amepata mzigo wake. Jioni tulikuwa bomani kwao, na huko nilikaa mpaka lori likapona.

Nililala kwenye nyumba ya mikeka na ngozi, ya mviringo, unaingia umeinama. Nilipewa maziwa ya ngamia katika chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kimefukizwa mpaka maziwa yana ladha ya moshi. Wakanichinjia mbuzi, nami niliona kwa macho yangu kwamba mbuzi wenyewe ni wa kuhesabu. Binti yao akanichukua kisimani kunywesha ngamia, nikampiga picha nzuri ajabu akivuta maji. Mzee wa boma akasema nisiondoke, niolewe pale pale, ngamia atatoa yeye. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Siku ya kuondoka nilimpa mama shilingi 2,000. Akausukuma mkono wangu. Alipogeuka nikazifutika chini ya mkeka. Kijana wao yuko kidato cha tatu, Kiswahili na Kiingereza anavijua. Nikamwambia asome, karo isimtishe, dada yake nipo.

Nikarudi Malindi. Picha niliziweka mtandaoni, zile za kisimani zikapendwa mno, hata ukurasa mmoja wa utalii ukaomba kuzitumia. Mwanzoni na wale jamaa tulikuwa tunasalimiana tu. Kisha kijana akaandika kwamba amerudishwa nyumbani, salio la karo ni shilingi 9,400. Haikupita muda, mama akatuma sauti, kijana akatafsiri: mvua imechelewa, boma linachangia lori la maji, mimi nitatoa ngapi? Baada ya hapo binamu yao, yule tanboi wa lori, akaomba nimnunulie simu. Mshahara wangu ni wa dukani, Mjomba. Siku hizi nikiona jina la yule kijana kwenye WhatsApp nageuza simu kifudifudi.

Mchumba wangu anataka nizuie nambari. Kaka yangu anasema, "Walikuwekea chambo, ukameza na ndoana." Naumia, kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho nilipotunzwa na watu wasionijua namna ile. Na bado nataka kurudi Desemba, duka likifungwa, nifike mpaka Loiyangalani nione Ziwa Turkana. Peke yangu tena.

Nilipendwa, au nilipimwa mfuko? Niwajibu nini? Na Desemba niende?

Binti wa Pwani, Malindi


Marahaba, mpwa wangu.

Tuanze na kaka yako, maana huyo ni mwepesi. Hakuna mtu aliyekata springi ya lori kule Chalbi ili akunase wewe. Mama yule alikuokota saa ambayo hukuwa na faida yoyote kwake: huna maji, huna lugha, huna mtu, na unalia. Anayetega hamtegi aliye katika hali hiyo. Mwambie kaka aendelee kuvua.

Mimi nilifanya kazi ya uchukuzi upande ule kabla barabara ya Isiolo kwenda Moyale haijatiwa lami. Kilomita zipatazo 500 za mawe na vumbi. Gari likifa, huna chama cha kupigia simu, una boma lililo karibu. Huko nilijifunza kwamba mgeni hapokelewi kwa sababu anapendeza. Anapokelewa kwa sababu kisima cha pili kiko mbali, na kila mwenye boma anajua kesho atakuwa yeye anayefika kwa mwingine midomo imepasuka, akitafuta ngamia aliyepotea. Kumnyima mgeni maji ni kujinyima mwenyewe safari ya kesho. Sisi Pwani tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chalbi hakuna jembe, hakulimwi kitu. Ya tatu unapelekwa kisimani ukasaidie kunywesha mifugo. Wewe ulidhani umetembezwa!

Sasa hili la kuombwa, na hapa ndipo nataka utulie usome polepole, kwa sababu wewe ni mtu wa daftari na umeliingiza jambo hili kwenye safu isiyo yake.

Kwa Wagabra, ngamia wa mtu hawakai wote kwake. Mwenye nyingi humpa mwenzake jike la kukamua; huyo anakunywa maziwa, watoto wake wanakua, na ngamia na ndama zake wanabaki wa mwenye mali. Inaweza kupita miaka na miaka. Ukiwauliza kwa nini hawamalizi hesabu, watakushangaa: ikimalizika, uhusiano umekwisha. Na tena kuna akili ya biashara ndani yake ambayo bosi wako dukani angeielewa mara moja. Ukame ukishuka upande mmoja, au wezi wa mifugo wakipita usiku, aliyeweka wanyama wake wote pamoja anaamka hana kitu, na aliyewatawanya ana pa kuanzia. Jirani zao Waborana wana utaratibu wao wanaouita buusa gonofa, ukoo unamchangia aliyefilisika mifugo mpaka asimame tena. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Septemba 2021 serikali ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Mizoga ilitapakaa kandokando ya barabara. Waliobaki na mbuzi wachache wa kuhesabu, kama ulivyosema, wengi wamebaki nao kwa kubebana hivyo hivyo.

Katika maisha ya namna hiyo kuomba si aibu. Mtu anamwomba aliye wake. Na aliyeombwa naye si lazima atoe: anaruhusiwa kusema sina, anaruhusiwa kusema mwaka huu siwezi, na chai inaendelea kunywewa. Usilolielewa ni kwamba mama yule, alipokuuliza utatoa ngapi kwenye lori la maji, hakukuona benki. Kila nyumba katika boma imeulizwa swali hilo hilo. Alikuhesabu.

Kwa hiyo ulipendwa, na sasa unaombwa, na ni watu wale wale. Usilazimishe moja liifute la pili.

Haya, pesa. Karo uliahidi. Usinitazame hivyo, umeandika mwenyewe: "dada yake nipo." Umemwambia kijana wa kidato cha tatu maneno hayo mbele ya wazazi wake, halafu unashangaa amekuandikia? Sikuambii ulipe 9,400 zote. Mwombe jina la shule, nambari yake ya kusajiliwa na stakabadhi ya karo. Piga simu ofisini, uliza salio, kisha lipa kwa nambari ya Paybill ya shule au akaunti yake ya benki, hata kama ni 3,000, na umwambie wazi: kwa muhula huu uwezo wangu ni huu. Pesa isipite kwenye simu yake, si kwa kumdhania wizi, ila kijana wa miaka 17 mwenye karo mfukoni na nyumba isiyo na unga yuko kwenye mtihani ambao hata mimi ningefeli.

Halafu mfanyie linalozidi pesa. Uliza kama ipo basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, au ya kaunti; fomu zake huwa zinataka barua ya chifu, nakala ya kitambulisho cha mzazi, sahihi ya mwalimu mkuu, na ziwasilishwe kabla ya tarehe. Watoto wengi wa wafugaji wanaikosa kwa sababu tangazo limefika boma likiwa limehama. Wewe makaratasi ndiyo kazi yako ya kila siku. Mfuatie tarehe, mkumbushe, msahihishie fomu kwa picha. Hilo halikugharimu ila bando.

Lori la maji, toa 500 au 1,000, mara moja, kwa jina la mama. Tanboi mwambie hapana. Tena mwambie ukicheka. Naye alijaribu tu, ungekuwa wewe ungejaribu.

Zile 2,000 za chini ya mkeka nazo ziache zilivyo. Nyumba ya Kigabra ni ya mwanamke. Yeye huisimamisha, yeye huifumua fito kwa fito na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Alizikuta, na alijua ni za nani. Kukukatalia hadharani na kuzikuta baadaye ni mambo mawili tofauti, na amekwisha kukusamehe.

Mzee wa ngamia alikuwa anakutania. Siku nyingine mjibu kwamba baba yako hapokei chini ya ngamia mia, na kwamba usafiri wa kuwafikisha Malindi ni juu ya bwana harusi. Utasikia kicheko hicho.

Lakini picha, binti yangu. Hapo nimekasirika kidogo. Barua nzima umeuliza kama wao walikupima mfuko, na katikati ya barua umepitisha, bila kusimama, kwamba umemweka mtoto wao mtandaoni akivuta maji na ukurasa wa utalii umeomba kumtumia. Nani aliulizwa? Yule kijana ana WhatsApp, atakuwa na mitandao mingine pia. Akiikuta sura ya dada yake kwenye tangazo la kampuni ya safari, naye atakaa na swali lako lile lile: dada wa Malindi alitupenda, au alikuja kuvuna? Ukurasa ule waambie hapana leo. Picha za binti ziondoe, kisha zitume kwa familia na uulize. Wakikubali zirudishe. Wakikataa, umebaki nazo kwenye simu, zinatosha. Ziprinti kubwa, uende nazo. Mama mwenye picha ya bintiye mkononi hutahitaji kumwongezea zawadi nyingine.

Sasa safari. Kwenda peke yako sina neno. Nimeona wanawake wengi wakipita njia zile peke yao, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mitumba, na wote wanafuata jambo moja: wanafika mchana, na kuna mtu anayejua wanafika. Ila Desemba, hapana. Ile tambarare ilikuwa ziwa zamani sana. Mvua za vuli zinaanza Oktoba, na mwaka zikipitiliza Desemba inaikuta Chalbi imelowa: juu ganda gumu jeupe linalokudanganya, chini tope linalomeza gurudumu mpaka ekseli. Lori linaweza kukaa hapo wiki. Na ukiona dereva anakataa kukata katikati ya Chalbi anazunguka pembeni, usimharakishe, ametazama mawingu ambayo wewe hukuyaona. Nenda mwishoni mwa Januari au Februari. Joto litakuwa kali, ndiyo. Chukua lita tano za maji kwa kila siku ya njiani, zako peke yako, na usipande gari lolote na chupa nusu tena.

Ukifika Marsabit usiulize stejini tu. Pita pia kituo cha polisi, uulize njia ikoje wiki hiyo, kwa sababu kaunti ile ina ugomvi wake wa malisho na wizi wa mifugo. Mei 2022 ilibidi iwekewe amri ya kutotoka nje usiku. Siku njema ni njema kabisa, lakini uijue ni ipi. Lipa zaidi ukae mbele na dereva. Mpigie mama kabla hujaondoka mjini, umwambie ni lori gani na dereva ni nani. Hapo huendi tena kama mgeni asiye na mtu; neno litakutangulia Maikona na Kalacha. Ukikwama North Horr au Maikona, uliza misheni ya Katoliki. Mavazi huhitaji somo, dera na mtandio wako wa Malindi vinafaa kuliko suruali za mifuko sita wanazovaa watalii.

Mkononi beba majani ya chai, sukari, na buni. Si kahawa ya unga: punje zenyewe, zikiwa na maganda yake. Wagabra huzikaanga kwa samli mpaka zinapasuka, na hapo ndipo wazee huomba dua, mvua, maziwa, watoto. Ukimkabidhi mzee mfuko wa buni atakuombea mpaka wajukuu. Na salamu jifunze, si nyingi: "Nagaa", amani. Utaulizwa amani ya watu, ya mifugo, ya njia uliyopita, na wewe jibu nagaa, nagaa, hata kama mgongo unauma. Malalamiko yanakuja baada ya chai.

Loiyangalani ni habari nyingine, na nakuonya mapema usije ukavunjika moyo. Huko wako Waelmolo, Waturkana, Wasamburu na Warendille, na wageni wamezoeleka; tangu 2008 kuna tamasha la tamaduni linalovuta watu kutoka kila mahali. Ukiingia kijiji cha Waelmolo kuna ada ya kupatana na wazee, mwenye shanga atakuuzia, mwenye kupigwa picha atataka chake. Lipa bila kununa. Hiyo ni kazi yao na umepewa bei kabla ya huduma, kama dukani kwako. Kosa ni kumlipa mama wa boma kama muuza shanga, au kumnunia muuza shanga kwamba hakukupenda kama mama wa boma.

Kutoka North Horr kwenda huko magari ni ya kubahatisha, unaweza kungoja hata siku kadhaa. Usiku upepo unashuka kutoka Mlima Kulal kama una deni na paa la nyumba. Ndio upepo ule ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme utakayoiona ukiendelea kusini. Ziwani osha miguu tu, mamba wapo. Na kurudi, njia ya Laisamis ndiyo nyepesi, ilitengenezwa kwa ajili ya kupitisha mitambo hiyo. Ya Baragoi usiishike mpaka wenyeji wenyewe wakuambie kumetulia.

Nyumbani safari hii sema unakokwenda. Mama yako akilia, alie ukiwa unamwona. Mchumba mwambie nambari haizuiwi, na kama ana wivu na watu wa Chalbi basi mpigie mama simu mbele yake, spika ikiwa wazi, asikie mwenyewe mnazungumza nini. Fanya hivyo wiki hii hii, jioni, mifugo ikishaingia bomani, na uanze na mama kabla ya kijana. Mwambie pesa kidogo ulizonazo, mwambie karo utaanzia wapi, muulize mvua. Usianze kwa kueleza kwa nini ulinyamaza; ataitaja yeye akitaka.

Na bosi wako usimtajie tarehe ya kurudi kazini kama unavyomtajia ukienda Mombasa. Lori la kupanda Marsabit haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa mbuzi.